Ala ya ngozi ya kisu cha jikoni kutoka kwa fundi viatu wa Mwanga, Kigoma

Mimi ni mpishi wa shughuli. Leo harusi Ujiji, kesho arobaini Mwandiga, na vyombo vyangu vinasafiri ndani ya kapu juu ya bodaboda. Kisu ninachokitegemea ni cha inchi 8. Zamani nilikuwa nakiviringisha kwenye gazeti na kitambaa: makali yanatoboa, yanagongana na miiko hadi yanakuwa butu, na anayeingiza mkono kapuni anaumia. Ndipo nikampelekea fundi viatu mmoja karibu na soko la Mwanga anishonee ala. Mvua zote zimepita nikiwa nayo, kwa hiyo naweza kuisemea.

Fundi hakukimbilia kukata. Alinitolea ngozi mbili. "Mama, hii laini ni ya mikoba, itakupindia. Chukua hii." Hiyo ya pili ni ya ng'ombe, nene, ya hudhurungi mpaka ndani, iliyotiwa dawa ya magome ya miwati, ile miti inayolimwa Njombe. Ngozi ya namna hiyo ukiilowesha inafinyangika, na ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Ile laini, iliyotiwa dawa ya kromi badala ya magome, haishiki umbo.

Ila kilichonifanya niandike ni ukanda wa ndani. Katikati ya pande mbili za ala aliweka kipande chembamba cha ngozi kinachofuata makali kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Bila ukanda huo makali yanalalia uzi, na kila ukichomoa kisu unaukata kidogo kidogo mpaka ala ifumuke. Aliviunganisha kwa gundi, na ilipokauka alitoboa matundu kwa msharasi, akashona kwa uzi wa nailoni aliousugua nta ya nyuki, sindano mbili zikipishana katika kila tundu. Mshono wa aina hiyo hata ukikatika mahali pamoja, sehemu nyingine inashikilia. Wangu naukagua mara kwa mara na haujalegea popote.

Mwisho aliilowesha, akakifunga kisu kwa karatasi ya nailoni, akakitia ndani na kuibana kwa vidole mpaka ikashika umbo la bapa. Nailoni ile si pambo: chuma kikigusa ngozi ya magome ikiwa imelowa kinaacha doa jeusi lisilotoka. Ikakaushwa kivulini, maana jua kali linaikakamaza na kuipasua.

Kasoro zipo. Mwanzoni ilibana mno, nikawa navuta kwa nguvu, na kuvuta kisu kikali kwa nguvu ni hatari. Sasa imezoea. Kubwa zaidi, haitaki kisu chenye maji. Nikimaliza kukata samaki aina ya migebuka, nakiosha, nakifuta mpaka kikauke kabisa, ndipo nakirudisha. Ngozi inatunza unyevu. Ukizembea utakuta kutu kwenye kisu na ukungu kwenye ala. Nyumbani nakiweka nje ya ala, ala ni ya safari tu.

Nililipa shilingi 15,000 na sijuti hata kidogo. Ukienda kwa fundi yeyote, peleka kisu chenyewe, si kipimo cha karatasi, kwa sababu unene wa ule ukanda unafuata unene wa bapa. Na akikuambia ukanda hauna haja, tafuta fundi mwingine.