Riwaya za kupokezana: duka lisilo na rafu

Ukiingia duka la vitabu Mji Mkongwe kutafuta riwaya ya Kiswahili, utakachokuta mbele ni kile kinachosomeshwa skuli: Vuta N'kuvute, pengine na Kuli. Riwaya nzuri zote mbili, ila muuzaji naye haweki mzigo usiotoka. Ndiyo maana wasomaji wa Unguja na Pemba hupeana wenyewe kwa wenyewe: mmoja anauliza kwenye kundi la simu au barazani, mwengine anajibu "ninacho", kitabu kinahama mkono. Tuipime huduma hii kama vile tunavyopima duka.

Kwa mzigo, inalishinda duka kwa mbali. Wengi humjua Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kwa Utengano (1980), wakakomea hapo. Wasomaji wenzao huwasukuma hadi Babu Alipofufuka (2001), ambamo mkubwa mmoja wa serikali, jina lake K tu, anarudiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Hiki si cha kumpa mtu bila kumuonya. Walio hai na waliokufa wanachanganyika, na anayetaka mtiririko wa Utengano atakifunga mapema na kukiita kigumu. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye anayesahauliwa zaidi. Anza na Kiu (1972): Bahati, Idi na mzee tajiri Mwinyi wanatosha kuibeba riwaya nzima, kila mmoja na kiu yake. Nyota ya Rehema (1976) ije baadaye.

Udhaifu wa huduma ni sifa tupu wanazomwagiwa vitabu. "Tamu mno, isome!" haikwambii kitu. Unapoomba, taja riwaya mbili ulizozimaliza na moja iliyokushinda, na useme kilichokushinda ni lugha, urefu au mwisho wake. Hiyo iliyokushinda ndiyo inayomsaidia zaidi anayekuchagulia. Kisha omba picha ya ukurasa mmoja wa katikati. Usikubali wa kwanza, maana huo kila mwandishi huupiga pasi.

Na useme wazi unataka nini. Ukiomba "riwaya ya Zanzibar ya zamani" utaletewa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Muhammed Said Abdulla hauna ubaya, lakini ni upelelezi, na huenda wewe ulitaka kitu chengine kabisa. Peponi nayo, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Hiyo usipange foleni kuazima. Ulizia dukani kwanza, uwaachie wenzako foleni ya vile visivyouzwa tena.

Hali ya vitabu ndiyo inayoudhi. Nakala za miaka ya 70 gundi yake imekauka; ukikibana kitabu kikae wazi, kurasa zinachomoka moja moja. Kifungue nusu tu, mgongo ukiwa kiganjani. Kopi za mashine zina ila yake: aliyetoa hakukilaza kitabu vizuri, basi herufi za upande wa ndani zimemezwa na kivuli cheusi. Kabla ya kupokea, fuata namba za kurasa kwa kidole mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika tano, na hapo ndipo utakapojua kama mwisho wa hadithi upo. Kikishika unyevu, kianike kivulini penye upepo. Juani jalada hujikunja.

Kitabu kinachovuka kwenda Mkoani, Pemba, kizungushie karatasi, halafu kipande cha kanga kuukuu, na kisikae chini ya mzigo wa mtu. Jina la mwenyewe liandikwe kwa penseli ndani ya jalada, na kila kinapohama mkono mwenyewe apewe habari. Wiki mbili zinatosha kwa riwaya nyingi. Aliyeazima akimpa mtu wa tatu kimyakimya, hicho kihesabuni kimezama.