ERPNext: mfumo unaowaweka mhasibu na mtu wa TEHAMA meza moja

Wengi huuchagua ERPNext, mfumo wa kuendesha uhasibu, stoo na manunuzi ya kampuni, kwa sababu ni programu huria isiyo na ada ya leseni. Sisi tunausifia jambo jingine: mtunza stoo mwenye ruhusa anaweza kuongeza sehemu ya kujazia namba ya gari kwenye hati ya kupokea mizigo kupitia Customize Form (ukurasa wa kubadili fomu), bila kuandika msimbo wala kungoja foleni ya TEHAMA.

Ngazi za idhini nazo hujazwa kwenye jedwali: hali ya hati, kitendo, nani anaruhusiwa, hali inayofuata, sharti. Hapa ndipo pande mbili zinahitajiana kweli. Tuseme oda ya manunuzi inayozidi shilingi milioni 5 lazima ipite kwa meneja. Mtu wa TEHAMA akiwa peke yake ataandika doc.grand_total > 5000000, na oda ya dola 40,000 itapita bila meneja kuiona, kwa kuwa grand_total, yaani jumla ya oda, husomwa kwa sarafu ya oda yenyewe. Mhasibu angeuliza mapema kuhusu dola, na jibu ni base_grand_total, yaani kiasi kwa sarafu ya kampuni. Njia ya pili, ya oda zisizohitaji meneja, nayo iwekewe <= 5000000. Ukiandika < tu, oda ya milioni 5 kamili itakwama.

Udhaifu upo. Mabadiliko ya Customize Form hukaa kwenye hifadhidata ya seva ile ile yalikofanyiwa. TEHAMA wasipoyatoa kwa amri ya bench export-fixtures, inayoyaandika kwenye mafaili yaitwayo fixtures, na kuyaweka kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo), seva ya majaribio haitakuwa nayo. Na kama fixtures za zamani zipo, bench migrate ijayo (amri ya kusasisha hifadhidata) inaweza kuandika ya zamani juu ya yale mapya. Basi watumiaji wabadilishe kwenye majaribio, TEHAMA wahamishe.

Waelezwe pia, kabla ya siku ya kuanza, kwamba ankara iliyothibitishwa haihaririwi: inabatilishwa, kisha nakala yake hupata -1 mwishoni mwa namba. Asiyejua humwomba kijana wa TEHAMA arekebishe kiasi ndani ya hifadhidata, na hapo leja haitalingana tena na ankara.

Tunaupendekeza kwa kampuni yenye mtu wake anayemudu Linux na Python, na wakuu wa idara wenye mamlaka ya kuamua papo hapo kikaoni. Mishahara, tangu toleo la 14, iko Frappe HR, programu ya rasilimali watu inayosakinishwa kando. Kuunganisha na eTIMS ya KRA (mfumo wa ankara za kodi Kenya) au EFD za TRA (mashine za risiti za kodi Tanzania) ni kazi ya ziada. Iwekewe bajeti tangu mwanzo.