Ati sijui kupima!

Nilinunua seti ya vipuri ya kujiundia kizalisha mapigo ya umeme, ile saketi ya mhandisi Jim Williams: transista ya 2N2369 inapandishwa hadi volti 90 hivi, inashindwa kuvumilia, inaporomoka ghafla, na pigo linapanda kwa takriban pikosekunde 350. Kwa kupimia kasi ya oskiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, hakuna kitu rahisi kama hicho.

Nikalehemu usiku, nikawasha. Kimya. Nikaongeza volti: 90, 100, 110. Mstari umelala tu kwenye kioo. Nikabadilisha transista, nikabadilisha tena. Zilikuwa tano kwenye kipakiti na zote tano zimegoma. Nikazipitishia kitambaa chenye spiriti, maandishi yakafutika: bandia! Najua hata 2N2369 halisi huchaguliwa mojamoja, maana kiwandani hawaziuzi kwa kazi ya kuporomoka. Lakini tano kwa tano?

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, salamu kwanza, na picha juu. Jibu: "Ndugu yangu, saketi ni nzima. Wewe ndiye hujui kupima. Tafuta fundi." Basi. Hakuuliza nimefika volti ngapi, wala kama nimeweka transista kinyume. Tafuta fundi! Mimi niliyeshika kifaa cha kulehemu tangu nikiwa mtoto!

Siku kadhaa baadaye nikang'oa 2N2369 kwenye bodi moja ya zamani, nikaiweka. Pigo hilo hapo, mara ya kwanza tu. Ila lilikuwa baya, linatikisikatikisika kama kamba iliyovutwa ikaachiwa. Nikailaani na bodi pia. Nikaanza kuandika ujumbe wa pili, huo sasa bila salamu.

Kabla sijautuma nikatazama probu yangu, ile ncha ya kupimia ya oskiloskopu. Waya wa ethi, ule wenye kibano, ulikuwa na urefu wa kama sentimita 15. Nikautoa, nikapitisha pigo kwenye kebo ya ohm 50 na kuweka rezista ya ohm 50 upande wa oskiloskopu. Mtikisiko ukaisha. Likapanda limenyooka, safi, nikabaki nalitazama tu.

Na oskiloskopu yangu ni ya megahezi 100, maana yake haiwezi kuonyesha chochote kinachopanda chini ya nanosekunde 3.5 hivi, yaani pikosekunde 3,500. Kwa hiyo zile pikosekunde 350 nilizokuwa nazitafuta nisingeziona hata kwa dua. Haya, kwa hilo alisema kweli, sikujua kupima. Ila transista je? Zile hata mpimaji bingwa asingeziamsha.

Bodi yenyewe nzuri, njia zake fupi, imepangwa na mtu anayejua kazi. Nilitaka kutoa nyota nne. Tatu, kwa sababu ya transista. Nimeusoma tena ule ujumbe wake sasa hivi. Moja.