Livingstonia, Malawi: mji wa Waskoti juu ya Ziwa Nyasa, unalipa kwenda?

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo siyo simu wala spika kama kawaida yangu, nachambua safari: Livingstonia, kaskazini mwa Malawi. Kutoka Mbeya unavuka mpaka pale Kasumulu, unapita Karonga, unafika Chitimba, ufukweni kabisa. Ziwa Nyasa hilo. Wenzetu wanaliita Ziwa Malawi, tusianze ugomvi.

Toka Chitimba ndipo utaisoma namba. Barabara ya Gorode ni kama kilomita 15 za mawe na vumbi, zenye kona kali 20. Hapo panda matola, pikapu za kubanana abiria na magunia. Kigari chako cha chini kiache huko huko chini. Na kati ya Desemba na Aprili, mvua zikichanganya, usijaribu.

Wamisionari wa Kiskoti walianza Cape Maclear mwaka 1875, malaria ikawapukutisha. Wakahamia Bandawe, malaria ikawafuata. Mwaka 1894 kiongozi wao, Dk. Robert Laws, akaona isiwe tabu, akapanda mlimani kwenye baridi, ndiyo Livingstonia hii. Kwa hiyo beba sweta.

Stone House, nyumba yake ya mawe, sasa ni makumbusho na unaweza kulala humo. Hebu tazameni hapa nje: mawe yamepangwa chini yakaandika "Ephesians 2 v 14". Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, ndege iliwadondoshea wamisionari ujumbe: mnataka kuondolewa? Wakajibu kwa mawe haya. Fungua Waefeso uone: "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Kwangu mimi, hapa tu nauli imerudi.

Ingia na kanisani. Dirisha la vioo vya rangi lina David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, na wenzake Susi na Chuma, wale wale walioufikisha mwili wake Bagamoyo.

Kasoro? Ziwa utalitazama kwa mbali tu. Kuogelea ni mpaka ushuke Chitimba, kwa hiyo kama shida yako ni mchanga na muziki, baki huko au nenda Nkhata Bay. Usiku ni kimya, hakuna pa kwenda. Kwacha, hela ya Malawi, badilisha taslimu mapema.

Ila ukipanda, lala. Wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo wanaambulia uchovu tu. Asubuhi shuka kwa miguu mpaka maporomoko ya Manchewe, kuna pango nyuma ya maji. Viatu vyenye meno, tafadhali, siyo ndala.