Uzoefu wangu: Makumbusho ya Holokosti, Washington. Usiikimbie ghorofa ya nne

Kila ndugu anayekuja kunitembelea huku Maryland anataka kupiga picha mbele ya Ikulu na sanamu ya Lincoln. Nampeleka. Ila namwomba pia atenge siku nyingine kwa ajili ya Makumbusho ya Holokosti, yaani ya mauaji ya Wayahudi milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, ambayo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Smithsonian.

Kuingia ni bure. Kwa maonyesho makuu unahitaji tiketi iliyoandikwa saa ya kuingia, hivyo iagize mtandaoni mapema, hasa miezi ya kiangazi. Mlangoni watakukagua wewe na mkoba wako. Kuwa na subira: mwaka 2009 mlinzi wa hapo, Stephen Tyrone Johns, mtu mweusi, alipigwa risasi akafa wakati akimfungulia mlango mzee mmoja mbaguzi aliyekuja na bunduki.

Ndani unachukua kadi ya utambulisho yenye maisha ya mtu mmoja wa kweli, kisha lifti inakupandisha ghorofa ya nne, nawe unashuka taratibu hadi ya pili. Wageni wengi nawaona wanaipita hiyo ya nne mbiombio. Wanataka kufika ya tatu, kwenye behewa la treni na rundo la viatu vya waliouawa Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Nawaelewa. Viatu vile, na ile harufu yake ya ngozi iliyozeeka, hutavisahau. Lakini swali la ilikuwaje, la watu kufikia hatua ile, linajibiwa juu, na bila kulijua jibu hilo viatu vitakuliza tu bila kukufundisha.

Ghorofa ya nne inaanza mwaka 1933 na kuishia 1939. Hakuna tanuri za kuchomea maiti hapo. Kuna kura, sheria, sensa na mihuri. Mwaka 1928 chama cha Wanazi, chama cha Hitler, kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Uchumi ulipoporomoka na mamilioni wakakosa kazi, Julai 1932 kikafika asilimia 37, na Januari 1933 Rais Hindenburg akamteua Hitler kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali. Wayahudi walikuwa chini ya mtu 1 kati ya kila Wajerumani 100. Aprili mwaka huohuo maduka yao yakasusiwa na wakaanza kufukuzwa kazi serikalini. Septemba 1935 Sheria za Nuremberg zikawavua uraia, na Uyahudi wa mtu ukapimwa kwa babu na bibi zake, hata kama yeye mwenyewe alibatizwa. Oktoba 1938 pasipoti zao zikagongwa herufi J. Hapo nilisimama kwa muda mrefu. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua kitambulisho chenye kabila kilivyotumika vizuizini Rwanda mwaka 1994.

Na dunia? Hii ndiyo sehemu iliyoniumiza zaidi. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi. Wajumbe wakasikitika mmoja baada ya mwingine, na karibu wote wakasema hawana nafasi. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitolea kupokea watu wengi. Novemba mwaka huo, Ujerumani, masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yakachomwa na wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakakamatwa, magazeti ya Marekani yakaandika. Kura ya maoni ikaonyesha Wamarekani 94 kati ya 100 wanalaani unyama ule. Zaidi ya 70 kati ya 100 wakakataa wakimbizi zaidi waingie nchini. Yeyote aliyewahi kuhangaikia viza ya Marekani asome kwa makini habari ya mdhamini, mgao wa viza 27,370 kwa mwaka kwa Ujerumani na Austria, na foleni iliyopita watu 300,000 kufikia katikati ya 1939. Mwaka 1939 meli ya St. Louis ilibeba abiria 937, karibu wote wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Kuba ikawapokea 28 tu, Marekani ikakataa kabisa, meli ikarudi Ulaya. Kati ya waliorudishwa, 254 waliuawa.

Msomaji wa kwetu aende akijua kwamba nasi tulitajwa. Novemba 1938 Waziri Mkuu wa Uingereza, Chamberlain, aliliambia bunge lake kuwa Tanganyika ingeweza kupewa baadhi ya wakimbizi. Wenyewe wenye ardhi hawakuulizwa, na mpango wenyewe haukufika popote, wakati milango ya Palestina, iliyotawaliwa na Uingereza, ikizidi kubanwa kwa Wayahudi mwaka uliofuata.

Wala si kweli kwamba dunia haikujua. Desemba 1942 nchi zilizopigana na Ujerumani zilitangaza hadharani kwamba Wayahudi wanaangamizwa. Bodi ya Marekani ya kuwaokoa wakimbizi iliundwa Januari 1944, wakati wengi wa wale milioni 6 walikuwa wameshakufa.

Ushauri wangu: weka saa tatu au nne, ule kabla ya kuingia, na usimpeleke mtoto mdogo kwenye maonyesho makuu, yapo mengine kwa ajili ya watoto, yanayosimulia kisa cha mvulana aitwaye Daniel. Maelezo ni mengi na ya Kiingereza, hivyo mzazi asiyekisoma umpe mtu wa kumtafsiria kwa sauti ya chini. Kama una saa moja tu, ruka ghorofa zote, nenda kwenye maonyesho yaliyofunguliwa 2018 kuhusu Wamarekani na Holokosti, kama bado yapo. Nilipoyatembelea ndiyo yaliyojaa watu wengi zaidi waliosimama kusoma badala ya kupiga picha.