Kipima radoni cha kubebeka: tathmini baada ya siku sita kwenye Ziwa Kivu

Kwa siku sita tulikitumia kipima radoni cha kubebeka kwenye Ziwa Kivu, hapa Goma, na nimeona niandike tathmini hii kwa ajili ya wenzetu wa kazi ya maji wanaofikiria kukiazima au kukinunua. Kinafaa sana, mradi anayekitumia asikitegemee peke yake.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozaliwa na radiamu iliyomo katika miamba. Maji ya chini ya ardhi huibeba kwa wingi, lakini yakishaingia baharini gesi hiyo hupungua upesi, kwa kuwa nusu yake huoza, yaani hugeuka kuwa elementi nyingine, katika siku 3.8 na sehemu nyingine hutorokea hewani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 watafiti wa pwani, akina William Burnett katika Ghuba ya Meksiko, wameitumia kutambua mahali ambapo maji ya ardhini huchuruzika chini ya bahari bila mto kuonekana. Goma nayo imejengwa juu ya lava yenye matundu, ambamo mvua huzama badala ya kutiririka, kwa hiyo swali lao ni letu pia.

Pampu huvuta maji hadi kwenye chumba cha kunyunyizia, radoni huhamia hewani, kisha hewa hiyo hukaushwa na kupelekwa kwenye kitambuzi kinachohesabu chembe za alfa (aina ya mnururisho) zitokazo kwenye poloniamu-218, ambayo huzaliwa radoni inapooza. Kwa kuwa nusu ya poloniamu hiyo huoza katika dakika 3 hivi, kipimo huhitaji takriban robo saa ili kitulie. Siku ya kwanza mtumbwi wetu ulikwenda kwa kasi mno, tukaweka alama ya chemchemi mahali tulipofika baada ya kuipita.

Kasoro iliyotusumbua zaidi ni unyevu. Chembechembe za kukaushia, ambazo huwa za buluu, zilikuwa zimegeuka waridi kabla ya saa sita mchana, na kuzikausha upya kulihitaji tanuri la maabara na umeme usiokatika.

Lililo zito kuliko hilo linatokana na mahali petu. Huku gesi hupanda kutoka ardhini hata pasipo maji, kama wajuavyo wote wanaoogopa mazuku, yaani mabonde yanayojaa hewa ukaa inayoua, na hewa ukaa inayopanda huweza kuibeba radoni pamoja nayo. Siku ya tatu kipimo kilipanda ghafla karibu na ufuo wa lava, lakini joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme, ambavyo tungetarajia maji ya ardhini yavibadilishe, havikubadilika hata kidogo. Hatukuthubutu kupaita hapo chemchemi.

Kwa shule ya sekondari sikipendekezi. Kwa maabara ya chuo kikuu iliyo tayari kukitumia pamoja na wahudumu wa maji, ninakipendekeza kwa moyo wote, na anayekiazima aombe mirija miwili ya akiba ya kukaushia, kwa maana ule mmoja unaokuja nacho hautoshi kwa siku nzima ziwani.