Miezi minne ya kuionyesha zana ya usanifu picha za skrini: uzoefu wangu

Ninasanifu programu ya kupanga miadi ya kliniki. Ina kurasa zaidi ya thelathini, na watumiaji wameshazizoea. Mara chache sana naombwa kubuni kitu kipya kabisa. Ninachoombwa ni ukurasa mmoja hapa, dirisha dogo pale, na mtumiaji asihisi kwamba amehamishwa nyumba. Kwa miezi minne sasa kazi hiyo naifanya na zana ya akili mnemba: unaieleza unachotaka, inakuchorea.

Mwanzoni nilitegemea maneno matupu. Niliandika aya nzima: kijani kilichotulia, vitufe vyenye kona za mviringo kidogo, nafasi ya kutosha kati ya safu na safu. Kila mara nililetewa ukurasa mzuri wa programu ya mtu mwingine. Kijani kimo, kona zimo, lakini vivuli ni vizito, vichwa vya habari ni vikubwa kupita kiasi, na aikoni zimejazwa rangi wakati zetu ni za mistari mitupu. Neno "kilichotulia" nalielewa mimi, kwa kuwa kurasa zile nazitazama kila siku. Zana haikuwahi kuziona, ingejuaje?

Nikajaribu kuipa picha ya skrini ya orodha yetu ya miadi, kisha nikaandika sentensi moja tu: nahitaji ukurasa wa kuahirisha miadi, ufanane na huu. Rasimu iliyorudi ilinifurahisha mno. Tarehe ilikaa kushoto kama kwetu, jina la daktari chini yake kwa maandishi madogo, kitufe kikuu kulia chini. Hata mstari mwembamba wa kijivu unaotenganisha safu ulikuwepo, na mimi sikuwa nimeutaja popote.

Basi nikadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Zana hukichukua kila kilichomo kwenye picha, hata kisichokuwa cha kwako. Siku moja nilipiga picha ya fomu niliyokuwa nimeijaza kwa Kiswahili. Kikagua tahajia cha kivinjari changu kimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo chini ya "maumivu ya mgongo" kulikuwa na ule mstari mwekundu wa mawimbi. Rasimu ikarudi na mawimbi mekundu chini ya kila sehemu ya kujaza, yamepangwa vizuri kabisa kana kwamba ndiyo mtindo wetu. Tangu hapo, kabla ya kupiga picha nazima kikagua tahajia, nasogeza kishale pembeni na kufunga arifa zote.

Vipimo navyo vilinisumbua. Skrini ya kompyuta yangu ina pikseli (nukta zinazounda picha) maradufu, kwa hiyo kitufe chenye kimo cha 48 kwenye muundo kinatoka na pikseli 96 kwenye picha. Zana ikachora kitufe cha 96, kikubwa kama tofali. Rangi vilevile: inakisia kwa kutazama, haisomi msimbo, yaani namba kamili ya rangi. Kijani chetu ni #0F766E, na kilichorudi kilikuwa jamaa yake wa karibu. Kwa macho huoni kosa mpaka uviweke viwili bega kwa bega. Siku hizi chini ya picha naandika namba zenyewe: misimbo ya rangi, jina la fonti, kimo cha kitufe, na kwamba picha imekuzwa mara mbili. Picha inaonyesha mpangilio na hisia, namba zinabana vipimo. Nikiacha mojawapo, naijutia.

Usiipe ukurasa mrefu mzima kwa picha moja. Chrome inaweza kukupigia ukurasa wote toka juu hadi chini, lakini zana nyingi za aina hii huipunguza picha kubwa kabla ya kuisoma, na maandishi madogo hugeuka ukungu. Mimi nakata vipande vitatu au vinne: kichwa, safu moja ya orodha kwa karibu, fomu, na dirisha la uthibitisho. Naongeza picha ya ukurasa ukiwa mtupu na ukiwa na kosa, kwa sababu picha moja ni hali moja tu, na zana ikikosa kuiona hali ya kosa itajibunia yake. Nahifadhi kwa PNG, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha iliyopitishwa kwenye programu ya kutuma ujumbe mara nyingi hugeuzwa JPEG iliyobanwa, na kingo za herufi zinachafuka.

Kuna jambo ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote haya. Orodha ya miadi ina majina ya wagonjwa na sababu zilizowaleta kliniki. Picha ya aina hiyo haipaswi kwenda kwenye seva ya mtu mwingine, hata kwa dakika moja. Kuziba majina kwa kisanduku cheusi hakukunisaidia, maana zana ilivichora visanduku vyenyewe. Nikafungua akaunti ya majaribio yenye majina ya kubuni, na kwa makusudi nikaweka mengine marefu sana. Majina hayo marefu yalifichua kwamba safu ya orodha yetu kwenye skrini ya simu ilikuwa ikikatika, kasoro ambayo ilikuwepo siku zote na hakuna aliyeiripoti.

Zana pia hurithi makosa yako. Maandishi yetu madogo yalikuwa ya kijivu #9CA3AF juu ya nyeupe, uwiano wa takribani 2.5 kwa 1 kati ya mwanga wa rangi hizo mbili, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, kwa ngazi yake ya AA unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ikayanakili bila kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu mwenye macho dhaifu anayetafuta saa ya miadi yake angetaabika. Tumehamia #6B7280, inayovuka kiwango hicho, na nimezipiga picha zote upya.

Naipa zana hii nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa sababu kila nikianza mazungumzo mapya inasahau kila kitu, na nalazimika kupakia tena folda ileile ya picha kumi na mbili.